Chupa ya mtoto anayenyonya: mwongozo kwa wauzaji na wasafirishaji wa Lilongwe, Madisi na Dzaleka

MADISI, Malawi – Chupa ya kunyonyeshea ni bidhaa ndogo. Katika lori linaloshuka kutoka Dar es Salaam, katoni zake huingizwa kati ya ndoo na sahani za plastiki, na kwenye ankara huweza kufichwa ndani ya maneno "vyombo mchanganyiko". Faida yake kwa dazeni si ya kumtajirisha mtu. Hata hivyo, ni miongoni mwa bidhaa chache za dukani ambazo zimetajwa kwa jina katika kanuni za kimataifa za biashara, na ni bidhaa ambayo ikichaguliwa vibaya, anayeumia si muuzaji wala mnunuzi bali mtoto asiyeweza kusema.

Makala haya yanawahusu wafanyabiashara wa jumla na rejareja, madereva na wasafirishaji wanaoitumia barabara ya M1, inayotoka mpaka wa Songwe kupitia Karonga, Mzuzu, Kasungu, Madisi na Mponela hadi Lilongwe. Yanawahusu pia kama wazazi, kwa kuwa wengi wao wanao watoto wachanga nyumbani.

Soko lenyewe

Madisi na kambi ya wakimbizi ya Dzaleka zote zimo katika wilaya ya Dowa, kaskazini mwa Lilongwe. Madisi ni kituo cha biashara kilichoota kando ya barabara kuu, chenye hospitali ya misheni. Dzaleka, iliyo umbali wa kilometa 45 hivi kutoka Lilongwe, ilikuwa gereza la kisiasa kabla ya kufanywa kambi ya wakimbizi mwaka 1994. Ilipangwa kwa ajili ya watu kati ya 10,000 na 12,000, lakini kufikia mwaka 2023 idadi yao ilikuwa imezidi 50,000, wengi wakiwa wametoka Kongo, Burundi na Rwanda. Soko lake huwavuta pia Wamalawi wa vijiji vya jirani, na Kiswahili ni lugha ya kununulia na kuuzia.

Mwezi Machi 2023 serikali ya Malawi iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warudi Dzaleka, na kuanzia Mei mwaka huo polisi walianza kuwahamisha. Mama aliyekuwa na kibanda mjini, mtoto akilala nyuma ya kaunta, sasa biashara yake imehamia kambini au mzigo wake unafuatwa mbali. Hapo ndipo swali la chupa linapoanzia. Mteja wa chupa katika eneo hili mara nyingi ni mama anayenyonyesha, na anayeitafuta chupa kwa sababu saa za kazi zinamtenganisha na mtoto. Kunyonyesha hajaacha. Muuzaji asipolielewa hilo atamuuzia kitu kisichomfaa.

Je, mtoto anayenyonya anahitaji chupa?

Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri mtoto apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo, bila hata maji, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi afikie miaka 2 au zaidi. Kwa mama anayeshinda na mtoto, chupa haina kazi. Kwa mama anayeondoka, chupa ni njia mojawapo ya kumfikishia mtoto maziwa yaliyokamuliwa. Njia nyingine ni kikombe.

Kikombe kidogo cha wazi, cha plastiki ngumu au chuma, hakina chuchu wala kona za kuficha uchafu. Husafishika kwa maji ya moto na sabuni hata pale ambapo hakuna brashi maalumu. Watoto wachanga sana, wakiwamo waliozaliwa kabla ya siku zao, hulishwa kwa kikombe hospitalini. Mtoto huketishwa wima, ukingo wa kikombe ukagusa mdomo wa chini, naye akanywa taratibu kwa ulimi. Maziwa hayamiminwi kinywani.

Kwa nyumba isiyo na maji ya uhakika, kikombe ni salama kuliko chupa. Muuzaji anayeweka vikombe vidogo vyenye alama za ujazo ana bidhaa ya kumwonesha mama huyo, na hapotezi mauzo. Chupa ibaki kwa mama mwenye uwezo wa kuchemsha kila siku, au ambaye mlezi wa mtoto wake ameshindwa kutumia kikombe.

Kama ni chupa, wataalamu wengi hushauri isianze kabla ya wiki 3 au 4, wakati kunyonya kwenye titi kumeshazoeleka na maziwa yamekaa sawa. Mtoto anayepewa chuchu ya mpira mapema mno huweza kuzoea maziwa yanayotiririka bila jasho, akalikataa titi. Titi lisiponyonywa, maziwa hupungua, na baada ya muda mfupi mama hujikuta ananunua maziwa ya kopo ambayo hakuwa ameyapangia bajeti.

Chuchu kwanza, chupa baadaye

Wanunuzi wengi hutazama rangi na picha za chupa. Sehemu inayoamua kama mtoto ataendelea kunyonya ni chuchu.

Kasi ya maziwa. Kwa mtoto anayenyonya, chagua chuchu ya kasi ndogo kabisa, hata kama umri wake umeshapita ule ulioandikwa kwenye boksi. Titi halibadilishi matundu mtoto anapofikisha miezi 3, kwa hiyo hakuna haja ya kupanda namba. Ifahamike pia kwamba namba za kasi hazilingani kati ya kiwanda na kiwanda. Namba 1 ya kampuni moja inaweza kuwa na kasi kuliko namba 2 ya nyingine. Kipimo cha dukani ni hiki: weka maji ndani ya chupa, igeuze bila kuiminya. Maji yadondoke tone moja moja. Yakitoka kama uzi, chuchu hiyo haimfai mtoto anayenyonya.

Umbo. Chuchu iwe na kitako kinachopanuka pole pole, ili mtoto afumbue kinywa na kukamata kwa upana kama afanyavyo kwenye titi. Chuchu nyembamba iliyosimama juu ya kitako bapa humfundisha kubana kwa ncha ya mdomo, na tabia hiyo akiirudisha kwenye titi, mama huumia. Maneno ya kwenye boksi yanayodai kwamba chuchu ni "sawa na titi" yasikushawishi. Titi hubadilika umbo ndani ya kinywa cha mtoto, na hakuna mpira unaofanya kazi hiyo kwa ukamilifu.

Mali ghafi. Zipo aina mbili. Silikoni ni nyeupe ya kuona ng'ambo, haina harufu na huvumilia kuchemshwa mara nyingi. Mpira wa asili una rangi ya kahawia, ni laini zaidi, lakini huvimba, hunata na kuharibika haraka kwa joto na jua, na watoto wachache huwa na mzio nao. Kwa hali ya hewa ya huku na safari ndefu za barabarani, silikoni ndiyo inayofika ikiwa nzima. Aina zote mbili hutupwa zikionesha ufa, kunata au kubadilika rangi, kwa sababu kipande kinachomeguka kinaweza kumkaba mtoto.

Onyo moja lahusu desturi inayojulikana: kupanua tundu la chuchu kwa wembe au sindano ya moto ili uji upite. Uji haumo katika chakula cha mtoto wa chini ya miezi 6, na aliyevuka umri huo hulishwa kwa kijiko. Muuzaji akiombwa "chuchu yenye tundu kubwa", ajue kuna jambo la kumwelekeza mama huyo kituo cha afya.

Plastiki ya aina gani?

Geuza chupa utazame chini. Pale penye alama ya pembetatu ya mishale pana namba.

Namba 5 ni polipropilini, kwa kifupi PP. Ni plastiki yenye ukungu kidogo, nyepesi na isiyovunjika upesi. Ndiyo inayotumika zaidi kwa chupa za bei ya kawaida na inafaa.

Namba 7 ni kapu la plastiki nyingi tofauti, na hapo ndipo penye mtego. Ndani yake zimo PPSU na PES, plastiki ngumu zenye rangi ya asali, ambazo ni ghali na huvumilia joto. Lakini imo pia polikaboneti, ile plastiki ngumu inayong'aa kama kioo. Polikaboneti hutengenezwa kwa kemikali ya bisfenoli A, maarufu kama BPA, ambayo huweza kuingia kwenye maziwa hasa chupa inapochemshwa au kuchakaa. Kanada ilitangaza kuzikataa chupa za aina hiyo mwaka 2008. Umoja wa Ulaya, China na Afrika Kusini zilizipiga marufuku mwaka 2011, na Marekani mwaka 2012. Mali iliyofungiwa masoko hayo hutafuta mahali pengine pa kwenda, na soko lisilokagua ndilo huipokea. Chupa ngumu, angavu kama kioo, isiyo na namba wala jina la mtengenezaji, isinunuliwe hata kwa bei ya kutupa.

Chupa za kioo hazina shida ya kemikali na hudumu, ila ni nzito na huvunjika njiani. Kwa mlezi mdogo wa umri, zina hatari yake.

Jambo jipya kidogo lapasa kujulikana. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo cha Trinity cha Dublin walichapisha matokeo kwamba chupa za PP hutoa chembe ndogo sana za plastiki zinapotiwa maji ya moto sana na kutikiswa. Madhara yake kwa mwili bado hayajathibitishwa, na si sababu ya kuacha kuchemsha chupa, kwani vijidudu vinaua kwa hakika zaidi. Kinachofaa ni kuacha chupa ipoe baada ya kuchemshwa, kuisuuza kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, na kutopashia maziwa moto ndani ya chupa hiyo.

Ukubwa na umbo

Mtoto wa kati ya mwezi 1 na 6 anayenyonya maziwa ya mama pekee hunywa kwa wastani kiasi cha mililita 750 hadi 800 kwa siku nzima, usiku na mchana. Kwa kukadiria, maziwa ya kuacha nyumbani ni mililita 30 hadi 45 kwa kila saa ambayo mama hayupo. Mama anayeondoka Madisi saa 12 asubuhi kwenda kununua bidhaa Lilongwe na kurudi saa 8 mchana amekuwa nje kwa saa 8. Anahitaji kuacha mililita 240 hadi 360, zilizogawanywa mara 3 au 4.

Kwa hiyo chupa ya mililita 120 au 150 inamtosha. Chupa kubwa ya mililita 250 au zaidi humfanya mlezi aijaze, kisha amlazimishe mtoto kuimaliza. Maziwa ya kukamuliwa humalizika kabla ya mama kurudi, na wote wawili huamini kwamba maziwa ya mama "hayatoshi" ilhali yanatosha.

Umbo liwe la kawaida: mdomo mpana unaoingiza brashi na hata vidole, kuta zilizonyooka, vipande vichache. Chupa zilizopinda, zenye mirija ya kutoa hewa na vali nyingi, huuzwa kwa ahadi ya kuzuia tumbo kujaa gesi. Kila kipande cha ziada ni kipande cha kuoshwa, na mrija usiooshwa vizuri ni hatari kuliko gesi.

Kagua pia alama za mililita. Chukua sirinji ya mililita 20 ya duka la dawa, tia mara 5 ndani ya chupa na uangalie kama maji yamefika kwenye alama ya 100. Kucha ikipita juu ya alama na rangi ikabanduka, katoni hiyo irudishwe.

Hesabu ya gharama

Tuchukue mfano wa hesabu tu, wala si bei ya soko. Chupa ya kwacha 4,000 ambayo chuchu zake za akiba haziuzwi, hutupwa nzima chuchu inapochakaa. Ikibadilishwa kila baada ya miezi 2, kwa miezi 6 mama amenunua chupa 3, yaani kwacha 12,000. Chupa ya kwacha 9,000 yenye chuchu za akiba za kwacha 1,200, kwa muda huo huo na chuchu mbili za kubadilisha, ni kwacha 11,400, na chupa yenyewe bado ipo. Bei ya rafuni si gharama ya matumizi.

Gharama kubwa zaidi haiandikwi kwenye boksi: makaa. Mwenye chupa moja kubwa hulazimika kuchemsha kila mtoto anapokula. Mwenye chupa ndogo 3 au 4 huzichemsha zote kwa pamoja mara moja kwa siku, akazifunika ndani ya sufuria safi na kutoa moja moja. Chupa ndogo nyingi hununuliwa kwa pesa nyingi zaidi siku ya kwanza, lakini makaa yanayookolewa huifuta tofauti hiyo. Haya ndiyo mazungumzo ya kufanya na mteja, kwa kuwa mama asiyemudu makaa ya mara tatu kwa siku ataacha kuchemsha, siyo kuacha kulisha.

Kwa mwenye duka, kumbuka sarafu. Tarehe 9 Novemba 2023 Benki Kuu ya Malawi ilishusha thamani ya kwacha, dola ikapanda kutoka kwacha 1,180 hadi 1,700 kwa siku moja. Aliyekuwa akipanga bei kwa kutazama gharama ya mzigo uliopita alishindwa kununua mzigo uliofuata. Panga bei kwa gharama ya kujaza tena rafu, na uweke chuchu za akiba za chupa unazouza.

Usafi: hapa ndipo roho ilipo

Mwishoni mwa mwaka 2005 na mwanzoni mwa 2006 mvua kubwa zilinyesha Botswana. Kuhara kukazuka na mamia ya watoto wakafa. Wachunguzi walipofuatilia, waliona kwamba jambo lililomweka mtoto hatarini kuliko yote ni kutonyonya titi. Wengi walikuwa wakipewa maziwa ya kopo, yaliyogawiwa bure kwa nia njema ya kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI. Maji yalipochafuka, chupa zikawa njia ya ugonjwa.

Malawi nayo ilipitia kipindupindu kilichoanza Machi 2022 na kuua watu zaidi ya 1,700, mlipuko mbaya kuliko yote katika historia ya nchi. Dowa si kisiwa. Kwa hiyo maelezo haya yatolewe kwa kila anayenunua chupa:

1. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kukamua maziwa na kabla ya kushika chupa.

2. Mara mtoto amalizapo, suuza chupa kwa maji baridi, kisha fungua vipande vyote na uvioshe kwa maji ya moto, sabuni na brashi. Geuza chuchu ndani nje.

3. Vizamishe vyote kwenye maji, yachemke kwa dakika 10, na uviache vimefunikwa hadi vitakapotumika. Usivifute kwa kitambaa.

4. Maziwa yaliyokamuliwa yasikae zaidi ya saa 4 katika joto la kawaida la nyuzi 25. Kukiwa na joto zaidi, muda huo hupungua. Kwenye friji hukaa hadi siku 4.

5. Maziwa yaliyobaki kwenye chupa baada ya mtoto kunywa yamwagwe, yasihifadhiwe kwa zamu nyingine.

Kwa mama mwenye virusi vya UKIMWI, ushauri wa zamani wa kuacha kunyonyesha umebadilika. Malawi ilianza mwaka 2011 kuwapa dawa za kudumu wajawazito na wanaonyonyesha wote wenye virusi, na WHO inashauri mama anayetumia dawa zake vizuri anyonyeshe. Muuzaji asimshauri mtu yeyote ahamie kwenye chupa kwa sababu hiyo. Hilo ni la mhudumu wa afya.

Namna ya kumlisha

Mtoto aketishwe karibu wima, chupa ishikwe ikiwa imelala, siyo imesimama juu ya uso wake. Chuchu iguse mdomo wa juu, mtoto aifuate mwenyewe. Baada ya mafunda kadhaa, chupa ishushwe apumzike. Akigeuza kichwa, ameshiba. Chupa isiegemezwe kwenye mto mtoto akaachwa peke yake, maana anaweza kupaliwa. Mama arudipo, mtoto apewe titi kwanza.

Kuuza si kosa, kunadi ni kosa

Mwaka 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha Kanuni ya Kimataifa ya Uuzaji wa Vibadala vya Maziwa ya Mama. Wafanyabiashara wengi hudhani inahusu maziwa ya kopo tu. Chupa za kunyonyeshea na chuchu zake zimetajwa ndani yake waziwazi.

Kanuni hiyo haikatazi kuuza. Inakataza kutangaza kwa umma, kugawa sampuli za bure kwa akina mama, kutoa zawadi, vocha na punguzo maalumu la bei, kupanga maonesho ya pekee dukani, au kufungasha bidhaa hizi pamoja na nyingine kama kivutio. Vituo vya afya navyo havipaswi kutumiwa kuzitangaza.

Kila nchi imeiingiza kwa namna yake. Uganda ilitunga kanuni mwaka 1997. Tanzania ilianza na kanuni za mwaka 1994 na kuzifanya upya mwaka 2013. Kenya ilipitisha sheria kamili mwaka 2012. Malawi pia ina kanuni zake kuhusu soko la vyakula vya watoto wachanga. Bango la "nunua maziwa, upate chupa bure" linaweza kukuingiza matatani katika nchi yoyote kati ya hizo.

Mpakani na ndani ya lori

Mzigo wa chupa unaofika Lilongwe huja ama kutoka Dar es Salaam kupitia Kasumulu na Songwe, ama kutoka Afrika Kusini kupitia Msumbiji. Mambo manne huleta usumbufu.

Kwanza, ankara. Andika chupa kwa mstari wake, idadi, aina ya plastiki na jina la mtengenezaji. Katika mfumo wa kimataifa wa namba za ushuru, vyombo vya plastiki vya nyumbani viko chini ya 3924 na chuchu za mpira chini ya 4014. Chuchu za silikoni huhesabiwa pamoja na plastiki. Maziwa ya kopo ya watoto ni jambo jingine kabisa, chini ya 1901, na yasichanganywe kwenye mstari mmoja na chupa.

Pili, uasili. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, hivyo nafuu ya ushuru kati yake na Malawi hupitia SADC, kwa bidhaa zenye cheti cha uasili. Chupa iliyotengenezwa China haigeuki kuwa ya Tanzania kwa sababu imenunuliwa Kariakoo. Anayeahidi cheti cha namna hiyo anakuuzia kesi.

Tatu, viwango. Malawi ina shirika lake la viwango, MBS. Upande wa Tanzania, TFDA ilibadilishwa kuwa TMDA mwaka 2019 na masuala ya chakula yakahamia TBS, kwa hiyo nyaraka zinazotaja mamlaka ya zamani zimepitwa na wakati. Uliza kabla ya kupakia. Masharti ya mpakani hubadilika ghafla: Machi 2025 Malawi ilizuia kuingizwa kwa bidhaa kadhaa, ukiwamo mchele na unga, na Aprili Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao ya kilimo ya Malawi kabla ya kuondoa zuio hilo siku chache baadaye. Chupa hazikuhusika, lakini malori yalihusika.

Nne, upakiaji. Njia hii husafirisha pia mbolea na mafuta. Silikoni na mpira hunyonya harufu, na katoni iliyolala juu ya mifuko ya mbolea au karibu na madumu ya dizeli haitauzika kwa haki. Chupa zipakiwe juu, mbali na kemikali na sabuni zenye manukato, na zisianikwe juani wakati wa kusubiri foleni. Katoni iliyolowa maji ya mvua ifunguliwe na kukaguliwa, isipelekwe sokoni ilivyo.

Mzigo wa msaada kambini

Hutokea msamaria au kikundi kikamwita msafirishaji na kumwomba apeleke Dzaleka katoni za chupa na maziwa ya kopo kama sadaka. Nia ni njema, lakini mzigo huo una tatizo. Mwongozo wa kimataifa wa ulishaji wa watoto wachanga katika dharura, toleo la mwaka 2017, unasema misaada ya vibadala vya maziwa ya mama na vifaa vya kulishia kama chupa na chuchu isiombwe wala isipokewe. UNHCR nayo ina sera ya kutogawa chupa na chuchu kambini.

Sababu ni ile iliyoonekana Botswana. Chupa ya bure haiji na makaa ya bure wala maji safi ya bure. Humfikia mama ambaye maziwa yake yanatosha, akaanza kuitumia kwa kuwa imeletwa, na kopo la msaada likiisha, titi limeshakauka. Msafirishaji anayepewa mzigo wa aina hiyo amwelekeze mwenye mzigo kuzungumza kwanza na wahudumu wa afya wa kambi. Sabuni, ndoo zenye mifuniko, vikombe vidogo na chakula cha mama mwenyewe husaidia zaidi na havina ubishi.

Kwa kifupi

Kwa mtoto anayenyonya, mwulize mama kwanza: anaondoka kwa saa ngapi, nani anabaki na mtoto, na maji yanachemshwa kwa nini? Kama majibu ni mabaya, kikombe. Kama ni chupa: ndogo, ya mililita 120 hadi 150, ya namba 5, mdomo mpana, vipande vichache, chuchu ya silikoni ya kasi ndogo kabisa, na ziwe 3 au 4 badala ya moja. Weka chuchu za akiba. Usinadi, usigawe bure, usiandike "mchanganyiko" kwenye ankara.

Mteja aliyeuziwa hivyo hatarudi wiki ijayo kutafuta maziwa ya kopo. Atarudi baada ya miezi 2 kununua chuchu, mtoto akiwa mgongoni.